Mikono ya Kuazima

Watu hudhani kwamba mtu aliyeendesha gari la kunyonya vyoo tangu ndevu zake zilipoanza kuota mpaka zilipogeuka nyeupe hana kinyaa. Uongo mtupu. Mzee Bomba alikuwa na kinyaa kuliko bibi harusi. Hakunywa chai kwenye kikombe chenye ufa, hakushika mkono wa mtu aliyemwona akijikuna, na akikuta unywele kwenye sabuni alikuwa radhi aoge kwa maji matupu. Ila kinyaa chake alikiweka mahali pake. Uchafu wa shimoni, alikuwa akisema, ni uchafu wenye adabu: umekaa kwake, haujamfuata mtu sebuleni.

Siku dada yake mdogo alipompigia simu na kumwambia, "Kaka, njoo leo leo, mtoto anasafiri, tunakuhitaji," Bomba alijiona ameongezeka kimo. Hatimaye! Mpwa wake, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa amechaguliwa na shule kwenda kusoma ng'ambo muhula mzima. Angekaa kwa mzee mmoja na mkewe, watu wa huko, ale kwao na kulala kwao. Na mjomba ni mjomba, bwana. Bomba akanyoa. Akavaa shati lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Mbele ya kioo akaijaribu hotuba yake: ilikuwa na sehemu ya kuheshimu wenye nyumba, sehemu ya kutojibu watu ovyo, na kisa kirefu cha ile redio aliyoikuta shimoni ikiendelea kusoma taarifa ya habari bila kukwama. Kisa hicho hakikuhusiana na safari hata kidogo, lakini alikipenda.

Kijana mwenyewe Bomba alimwita Sultani, na si kwa kumsifu. Alipokuwa mdogo alikuwa akililia kupanda gari la mjomba, akishushwa anagaragara chini. Sauti ilipoanza kuvunjika, mjomba akageuka "anko", na siku moja mbele ya wenzake akamtambulisha kuwa ni "mzee mmoja wa nyumbani". Bomba alimeza. Ukila na kipofu usimguse mkono. Na kijana wa umri ule ni kipofu wa macho yote mawili.

Mlango ulifunguliwa na shemeji yake, mkuu wa idara katika ofisi ya bima, mtu anayejipulizia manukato hata kabla ya kupokea simu. Leo alikuwa amejifunga leso puani.

"Karibu, shemeji. Karibu sana. Umekula?"

"Nimekula, asante."

"Ah," shemeji akasikitika. "Ingekuwa bora kama hujala."

Sebuleni masanduku mawili yalikuwa wazi, yamejazwa karatasi za chooni mpaka yakavimba, kana kwamba huko ng'ambo watu hujipangusa kwa majani. Katikati ya masanduku, Sultani alikuwa amelala chali kwenye zulia, simu usoni. Mama yake amepiga magoti pembeni anamenya chungwa. Alikuwa akimlisha kipande baada ya kipande, naye Sultani anafungua mdomo bila kuondoa macho kwenye simu, kama kinda la ndege lililosahau kuruka mpaka likaota sharubu. Kisha ikaja mbegu. Mama akakinga kiganja. Sultani akatema.

Bomba akaliona lile tone la mate likiteleza kwenye mstari wa kiganja cha dada yake, akageuza uso ukutani.

"Shikamoo, anko," akasema Sultani, akiisalimia simu.

"Marahaba." Bomba akakohoa, akaweka mikono nyuma. "Mpwa wangu, safari ni..."

"Kaka, hotuba baadaye," dada yake akamkata, akijifuta kiganja kwenye kanga. "Tuna janga."

Janga likaelezwa. Mwaka uliopita wale wazee wa ng'ambo walimpokea mwanafunzi mmoja aliyekuwa akificha sahani chafu chini ya kitanda mpaka sisimizi wakahamia na kuanzisha mji. Mwaka huu wamesema hawamchukui mtoto asiyejua usafi. Mwalimu anayesimamia safari amewataka wanafunzi wote watume video fupi, kila mmoja akisafisha choo anachokitumia kwao. Mwisho ni leo, kabla jua halijazama. Asiyetuma, nafasi yake anapewa mwenzake anayesubiri.

"Basi si asafishe?" akauliza Bomba.

Wote watatu wakamtazama kama mtu aliyejamba msibani.

"Amejaribu," akasema dada. "Asubuhi. Kafika mlangoni tu, akaishiwa nguvu."

"Nilitapika, anko," akasema Sultani, kwa fahari kidogo.

"Baba yake akaingia amwonyeshe mfano."

"Mimi sikutapika," shemeji akawahi. "Nilikohoa."

"Alikohoa kwenye sinki," akasema dada. "Kohozi lenyewe lipo mpaka sasa."

"Na hicho choo, siku zote husafishwa na nani?"

Dada akainamisha kichwa. Msichana wa kazi alikuwa ameondoka kwa sababu ya choo hicho hicho, bila hata kudai mshahara wake. Tangu hapo mama ndiye alikuwa akiingia kwa siri mtoto akiwa shule, shuka limefungwa usoni. Lakini tangu habari za safari zianze, kuna manunuzi, kuna kuaga watu, kuna picha. Hakupata nafasi.

"Sasa, shemeji," akasema yule mwenye leso, akivuta mfuko kutoka nyuma ya mlango, "tumefikiri kitaalamu." Akatoa shati la shule la Sultani lenye mikono mirefu, saa ya Sultani, na glavu za waridi. "Video itaonyesha mikono tu. Kuanzia hapa kwenye kiwiko. Uso hauhitajiki. Dakika chache, kazi imekwisha. Wewe kwanza umezoea."

Umezoea. Neno hilo lilimwingia Bomba kama maji ya mtaro kwenye kiatu kipya. Kumbe shati alilolipigia pasi walilitaka livuliwe. Kumbe walimwita kwa ajili ya mikono, kichwa akiache nyumbani. Akamtazama Sultani, akitumaini kuona hata aibu ya kuigiza. Sultani alikuwa amefungua mdomo anangoja kipande kingine.

"Mimi naondoka," akasema Bomba.

Dada yake akaangua kilio. "Kaka, usinifanyie hivyo! Akikosa safari hii nimekwisha! Nimeshawaambia watu wote!"

Alisema nimekwisha. Hakusema amekwisha. Bomba alilisikia hilo vizuri. Lakini huyu ndiye ambaye Bomba alimbeba mgongoni akiwa na kamasi mpaka kidevuni, na machozi ya dada mdogo hayana dawa hospitali yoyote. Akavua shati lake. La Sultani likamkaba mabegani mpaka akawa anatembea kama mtu aliyesahau kutoa kitundikio ndani ya shati.

Choo kilikuwa ndani ya chumba cha Sultani, kando ya sebule; milango ikiwa wazi, mtu wa sebuleni anakiona. Shemeji alifunga mlango wa chumba nyuma yao, akajaza pamba yenye manukato puani, akaongeza leso juu. Kisha, kwa kuwa alisema mlio wa maji yale humchefua kuliko harufu, akaziba masikio kwa vifaa vya kusikilizia muziki, akafungulia sauti ya juu kabisa. Akanyoosha simu yake mbele, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyopiga picha: kipofu, kiziwi na bila pua.

Bomba akafungua mlango.

Jamani. Sakafuni kulikuwa na taulo, au kitu kilichowahi kuwa taulo, kimeota ukungu wa kijani wenye manyoya. Sahani ilikuwa imewekwa juu ya tangi la maji, na chakula kilichokuwa juu yake kilikuwa kimejitengenezea ngozi. Sinki lilikuwa na lile kohozi la shemeji, na chini yake dawa ya meno ya miezi iliyokauka kwa matabaka, kama chokaa iliyopakwa na fundi mlevi. Shimo la maji ya kuogea lilikuwa limezibwa na nywele, na juu ya nywele maji yamesimama, mazito, rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Choo chenyewe cha kukalia, naomba nisikisimulie. Kilikuwa na mduara ndani, na mduara ulikuwa na mduara wake.

Bomba akapiga magoti, akainamisha kichwa, akashika brashi.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyepanga. Katika kazi ya mashimo kuna sheria moja ambayo hata mlevi haisahau: aliye chini husema. Gesi ya shimoni haibishi hodi. Kwa hiyo anayeshuka huongea bila kupumzika, aeleze anachokiona, atukane, aseme lolote, ili aliye juu kwenye bomba ajue mwenzake bado ana pumzi. Akinyamaza tu, anavutwa kwa kamba. Bomba alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Kichwa kikiinama kwenye uvundo, mdomo hufunguka wenyewe, kama mtu anayekoroma.

"Niko chini," akaanza Bomba kwa sauti yake nzito ya mwiko kwenye sufuria. "Napumua. Mbele yangu kuna choo, kina ukoo mzima ndani yake. Babu, wajukuu, wote wapo. Nasugua. Kushoto taulo, limeota ndevu kuliko mwenye nyumba. Napumua. Mwenye choo hiki ni kijana wa miaka kumi na sita, ana mikono miwili, nimeiona kwa macho yangu, haina kasoro. Anamtemea mama yake mbegu kiganjani. Mama anakinga! Napumua. Baba mtu yuko nyuma yangu anapiga picha amefumba macho kama anayepigwa sindano. Wamenivalisha shati la mtoto, limenikaba. Nasugua. Enyi wazee wa huko, huyu mkimpokea mmejitakia. Niko chini, bado napumua."

Bakuli la choo lilipoanza kung'aa, Bomba akaacha. Waliomba mikono ya kuonekana kwenye picha. Sakafu, sinki na lile shimo la nywele aliviacha kama vilivyo. Shemeji akafumbua jicho moja, akaona picha ina mikono na ina brashi, akaituma kwa mwalimu papo hapo bila kuitazama. Nani angetazama kitu kama kile mara mbili?

Bomba alinawa kwenye bomba la nje mpaka ngozi ikajikunja. Aliporudi ndani akakuta chai imeandaliwa. Wenyewe walikuwa wakinywa kwenye vikombe vya maua. Chake kilikuwa cha plastiki, vile vya kutumia na kutupa. Alikuwa bado anakitazama, simu ya shemeji ilipoita.

"Ni mwalimu!" Shemeji akafungua spika ili wote wafaidi. "Mwalimu wetu! Umeiona?"

"Nimeiona," ikasema sauti ya mwanamke, taratibu. "Nimeisikia pia."

"Eh... umeisikia?"

"Huyo kijana ana sauti nzito."

"Mafua, mwalimu. Ana mafua mabaya."

"Na hayo mafua ndiyo yaliyompa mvi mkononi?"

Shemeji akatazama mikono ya Bomba. Glavu zilikuwa fupi, na shati liliposhindwa kufika lilikuwa limeacha kipande cha wazi, chenye vinyweleo vyeupe kama pamba.

"Nilicheka mpaka jirani akaja kuniangalia," akaendelea mwalimu. "Halafu nikaacha kucheka. Nakuja hapo sasa hivi. Nikimkuta mwenyewe anasafisha, jina lake linabaki. Nikikuta maigizo mengine, nampigia yule anayesubiri."

Simu ikakatika. Dada akamgeukia kaka yake, macho kama ya paka aliyemwagiwa maji.

"Kwa nini uliongea? Nani alikuambia uongee?"

"Nimezoea," akasema Bomba.

Ungedhani sasa wangemwambia mtoto ainuke. Thubutu! Shemeji alizunguka meza mara mbili, kisha akapiga vidole: mtoto ameumia mkono! Mama akakimbilia bandeji. Wakamviringishia Sultani mkono wa kulia mpaka ukawa kama mkate, na ilipoonekana bandeji ni nyeupe mno, mama akaleta chupa ya sosi ya nyanya, akaminya, akapaka kwa kidole, akarudi nyuma kutazama kama mpambaji wa keki. Sultani alikuwa ameunyoosha mkono wapambe watakavyo. Kwa mkono wa kushoto aliendelea na simu.

Bomba alishindwa kuvumilia. Watu wazima wawili, mmoja ana stashahada mbili ukutani, wanampaka mtoto mzima sosi. Akapiga hatua moja, akaichukua ile simu, akaikalia.

"Anko! Simu yangu!"

"Sultani. Unataka kwenda, au hutaki?"

"Nataka."

"Unataka nini huko?"

Kijana akamgeukia. Bila simu usoni alikuwa na macho ya mama yake. "Hapa hata kiu siijui, anko," akasema polepole. "Kabla sijaisikia, glasi imeshafika."

"Unaona anavyoshukuru!" akasema mama, akijifuta chozi kwa kidole chenye sosi.

Bomba hakujua amhurumie au amzabe kofi. "Maneno mazuri," akasema. "Lakini mbegu ulizitema mwenyewe."

Mwalimu akabisha hodi. Alikuwa mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, na hakukubali kukaa mpaka alipoonyeshwa choo. Alikitazama muda mrefu, akarudi, akauinua ule mkono wa bandeji, akaunusa.

"Damu ya familia hii ina kitunguu saumu," akasema. Akavuta kiti, akakiweka kuelekea mlango wa choo, akatoa simu yake na kuiweka mapajani. "Nasubiri."

Shemeji akaanza, "Mwalimu, daktari wake..." lakini Sultani alikuwa ameshaanza kuvuta bandeji kwa meno. Aliivua yote, ikaanguka kwenye zulia na sosi yake. Akachukua brashi na ndoo. Akaingia.

Kwanza lilikuja lile tapishi la asubuhi lililokuwa limebaki. Kisha sauti ya brashi, mbili tatu. Kisha jingine. Mama alikuwa amesimama anauma kanga. Sultani alipoingiza vidole kwenye lile shimo, akavuta, na nywele zikatoka kama mkia wa panya mrefu usiokwisha, zikidondosha ute mweusi, alitoa mlio wa mtoto mchanga. Mama akashindwa.

"Mwanangu anakufa!" Akaingia mbio, akampokonya brashi, akapiga magoti, akaanza kusugua yeye. "Pumzika, baba, pumzika, mama yupo!"

Mwalimu akashusha pumzi. Akainua simu yake, akaanza kutafuta jina la yule anayesubiri. Bomba alikiona kidole chake kikishuka kwenye kioo. Sultani naye alikiona.

"Mama, toka."

"Mwanangu..."

"Toka, mama! Toka nje!"

Akamshika mabega, akamwinua, akamsukuma mpaka nje, akafunga mlango kwa ufunguo. Mama akapiga kelele kama aliyefiwa. Baba akasema mlango uvunjwe. Bomba akaja akaegemeza mgongo wake mlangoni, na dada yake akampiga ngumi za kifua, na shemeji akamvuta lile shati la Sultani mpaka likapasuka kwapani, na yeye hakusogea. Nyuma ya mlango yalisikika maji, kutapika, kulia, maji, kusugua, tusi moja kubwa ambalo hakuna aliyejua kijana analijua, maji tena.

Mwalimu alikuwa ameshikilia simu hewani.

Mlango ulipofunguliwa, Sultani alikuwa amelowa mpaka kifuani, uso umevimba, kitu kimegandia kwenye nyusi. Mwalimu akaingia, akatoka.

"Pembeni mwa sinki bado."

Sultani akageuka bila neno, akarudi ndani. Safari hii hakufunga mlango; hakuna aliyemfuata. Mwalimu alipotoka mara ya pili alikuwa akiirudisha simu kwenye mkoba.

"Jina linabaki," akamwambia kijana mwenyewe, si wazazi. "Wale wazee nitawaeleza mimi." Akaaga, akaondoka.

Mlango haujajifunga vizuri nyuma yake, shemeji ameshavua leso. "Mnaona?" akasema, kifua mbele. "Ndivyo tulivyomlea. Kujitegemea!" Na dada alikuwa ameshapiga simu, anacheka, mkono kiunoni. "Shoga yangu, ungemwona! Peke yake! Sisi tulikaa pembeni tu, tukamwacha. Mtoto lazima afundishwe mapema!"

Bomba aliwasikiliza, na kile kitu alichokuwa akikimeza tangu mchana kikampanda mpaka kwenye meno. Lile shimo la nywele lilikuwa afadhali, lile halikuongea. Akasogelea kochi, kochi jeupe la wageni.

Dada akaziba simu kwa kiganja. "Kaka, usikae hapo, suruali yako bado ina majimaji ya chooni. Ngoja nikutandikie gazeti."

Bomba akamtazama. Kisha akakaa. Alikaa taratibu, kwa makalio yote mawili, akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukashika, akatandaza mikono kwenye mito.

Sultani akatoka chooni akiacha nyayo nyeusi kwenye zulia. Mama yake akamkimbilia na taulo mikononi, "Njoo, baba, nikufute." Akampita. Akafika kwenye kochi, akajitupa karibu na mjomba wake, ute wa lile shimo ukichuruzika kutoka kwenye viwiko vyake na kuingia kwenye kitambaa cheupe.

"Sogea huko," akasema Bomba, akiziba pua. "Unanuka."